Sehemu ya Nne Siipendi

Matema,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kisa,

Sikuandikii kukusalimia. Nakuandikia kukuuliza, na nataka jibu lenye namba: ile flashi uliyoiacha juu ya kabati mlipofunga shule mwezi wa sita ina nini?

Nimehesabu mwenyewe. Ina mafaili 212, yote katuni za Kijapani, watu wa macho makubwa kama visahani. Tangu ziwa limchukue shemeji yako tarehe 12 Julai, ukarudi mtumbwi peke yake, kazi ya watu wawili naifanya mimi. Chanja nane za kuanikia usipa, na kila chanja nageuza mara tatu kwa siku. Mwanangu Neema ana miaka saba. Akitoka shule siwezi kumwacha azurure ufukweni, ufukwe uleule. Nikamwekea flashi yako kwenye televisheni, nikamwambia aanze namba moja, afuate mpaka mwisho, asirukeruke. Katuni ni ya watoto. Nani asiyejua hilo?

Tarehe 6 Agosti akafika namba 38. Nikiwa kwenye chanja nikasikia kelele, nikakimbia. Kwenye kioo kuna mwanamke hana uso, nywele mpaka miguuni, na mkono wake unatoka ndani ya ndoo ya maji. Ndoo, Kisa! Ya bluu, kama hii yetu.

Tangu siku hiyo, siku kumi na moja, Neema hajanywa maji. Ukimpa kikombe anatetemeka mpaka meno yanagongana. Anafyonza machungwa, sita kwa siku. Soda anakunywa nusu chupa, tena lazima aone kizibo kinafunguliwa mbele yake. Uji hataki, chai hataki, kwa sababu ameona vinatoka kwenye ndoo. Kuoga ndiyo usiseme. Mwezi wa saba alikuwa na kilo 21. Juzi zahanati wamempima: 18 na nusu. Nesi akamwangalia koo, akaniambia koo ni zima, mpe maji. Kama vile mimi nilikwenda pale kuomba ruhusa.

Majirani nao wameanza. Nikipita wananyamaza. Unajua hapa kwetu watu wakikunyamazia maana yake wamekwisha kukuhukumu.

Mimi nimekulea. Nimeanza na ndoo moja ya usipa nikiwa na miaka kumi na sita ili wewe usome. Sikukusomesha uniletee mashetani ndani. Nijibu upesi, mtoto anakauka. Barua hii anakuletea Wilson, kondakta, na jibu mpe yeye.

Dada yako,
Jubilate


Tukuyu,
Jumatano, 20 Agosti 2025

Dada Jubi,

Shikamoo. Barua hii itasomwa na matroni kabla yako (shikamoo, Mwalimu Elizabeth), kwa hiyo nitasema yanayosemeka.

Nisamehe. Nimelia bwenini mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa tena. Lakini ngoja nikueleze, maana kosa limeanzia kwenye neno moja, katuni. Ukienda mnadani Lyulilo ukasema "nipe samaki," muuzaji atakuuliza samaki gani. Usipa ni samaki, mbasa ni samaki, kambale ni samaki. Hakuna anayempa mtoto mchanga kambale na miba yake kwa sababu eti wote wanaogelea. Wajapani wana katuni za kila umri na kila shida ya mtu. Za kitoto zipo, ila ni fungu moja tu.

Ulitaka namba. 1 hadi 37 ni wasichana wa shule ya kijijini wanaocheza mpira wa wavu. Wanafungwa, wanafungwa, mpaka unasimama mwenyewe kuwashangilia. 38 hadi 50 ni za kutisha, za watu wazima. 51 hadi 90 ni vita vya mashine kubwa kama minara ya simu, lakini ndani yake kuna swali kama mtoto anaweza kupewa bunduki akabaki mtoto. 91 hadi 104 ni mapishi; ukizitazama na njaa utaumwa. 105 hadi 116 ni mapenzi ya watu wenye aibu, wanachukua sehemu kumi kushikana mikono. 129 hadi 180 ni vichekesho. Zilizobaki ni upelelezi na hadithi za kale.

Umeona? Neema alimaliza mpira wa wavu, akafuata namba kama ulivyomwambia, akatumbukia kwenye 38. Anayefuata utaratibu wako hawezi kukosea, ndiyo maana akaumia.

Sasa sikiliza. Fungua 117 hadi 128. Sehemu kumi na mbili, dakika ishirini na tatu kila moja. Ni bibi mmoja wa kisiwani anayezama baharini kutafuta konokono, anabana pumzi tu. Mjukuu wake wa kike amekuja kuishi naye. Ndiyo hivyo tu. Wanaosha vyombo, wanapika wali, mvua inanyesha dakika nne nzima na hakuna anayefungua mdomo. Maji yamo mengi, dada, lakini ni maji ya watu wanaoishi nayo. Ukiogopeshwa na maji, wa kukutoa hapo ni mtu anayeyajua.

Wanaongea Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Kiingereza chako cha mpakani Kasumulu kinatosha. Kwa hiyo usimwache peke yake. Kaa naye umsomee kila neno.

Wako,
Kisa


Matema,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Kisa,

Nimefanya ulivyosema ingawa sikuona maana. Sehemu ya kwanza: dakika ishirini na tatu, na kumi na moja kati ya hizo bibi anasugua sufuria. Usipa wangu umekaa nje ukaungua upande mmoja kwa ajili ya sufuria la Mjapani. Sehemu ya pili wamekula. Sehemu ya tatu bibi ameingia baharini, ameibuka, amepiga mluzi kutoa pumzi, amecheka.

Lakini nitasema kweli. Neema alikuja mwenyewe kukaa mapajani pangu. Bibi alipopiga mluzi, naye akapiga. Katika sehemu ya tatu wale wawili walikunywa chai, mwanangu akasema, "Na mimi." Akanywa chai nusu kikombe, Kisa!

Halafu akaingia mama mkwe. Katoka Talatala na bodaboda bila kunipa habari. Kwenye kioo bibi wa watu anatoka majini na zile nguo zake nyeupe.

"Huyo aliyevaa sanda ni nani?"

"Si sanda, mama. Ni mzamiaji, ndiyo nguo za kazi."

"Kazi ya nani?"

"Yake mwenyewe, anatafuta konokono."

"Mwanangu hajapatikana mpaka leo, na wewe unamwonyesha mtoto wake maiti zinazotoka majini zikicheka?"

Nilizima. Akakaa na Neema nje kama saa nzima, wakizungumza, mimi nikipika. Aliporudi ndani uso wake ulikuwa wa majivu. Akasema kuna mtumishi wa Mungu ng'ambo ya mto Songwe, anafungua watoto walioingiliwa na pepo. Siku tatu za mfungo mkavu, bila chakula wala tone la maji, mtoto na wazee pamoja. Jumamosi tarehe 6 Septemba anakuja kumchukua. Nikamwambia mama, mtoto huyu ana kilo 18 na nusu, siku tatu hatoki hai. Akasema ng'ombe wa mahari wa mwanawe Enoki walikwenda kwenu wote, hakubaki hata ndama, na mtoto ni wa ukoo.

Na ni kweli. Sina pa kusimama. Nikikataa, ukoo mzima utakuja, na hawa wanaoninyamazia hawatanisaidia.

Nina siku kumi na tatu. Nitafutie nyingine inayofanana na ile, lakini si ileile. Jana nimejaribu kuendelea. Sehemu ya nne siipendi. Tangu jana Neema hataki tena hata chai.

Jubilate


Tukuyu,
Jumatano, 27 Agosti 2025

Dada,

Hii haikupita kwa matroni. Wilson ameipokea kwenye uzio wa jikoni. Nikikamatwa nitasimamishwa, kwa hiyo isome na uichome.

Sehemu ya nne haina mzimu, haina damu, haina mkono kwenye ndoo. Nimeitazama mara tano, naijua kwa moyo. Mjukuu anauliza baba yake atakuja lini. Bibi anaweka chini kisu cha samaki, anajifuta mikono, anakaa sakafuni ili macho yao yalingane, anasema, "Baba yako amekufa. Bahari ilimchukua. Hatukumpata." Halafu wanaweka kikombe cha maji mbele ya picha yake, kama bibi anavyofanya kila asubuhi. Basi.

Dada, ulimsomeaje Neema maneno yale?

Nauliza kwa sababu nakujua. Mama alipofia Karonga kwenye biashara ya mchele, ndugu zake wakamzika kulekule, mimi nilikuwa na miaka sita. Uliniambia mama yuko Malawi, mchele haujaisha. Hapakuwa na kaburi uani, na mimi nilijua mtu akifa anazikwa uani, kila nyumba ina makaburi yake chini ya migomba. Kwetu hakuna kaburi jipya, kwa hiyo mama yuko hai. Nilipiga hesabu vizuri, siyo? Nimejifunza kwako. Kila saa kumi jioni nilikwenda barabarani na kandambili zake, ili akishuka asikanyage tope. Miaka mitatu. Sikuogopa mzimu wowote miaka hiyo. Niliogopa kwamba siku moja nitachelewa, ashuke asinikute, arudi. Nilikimbia hata nikiwa na homa.

Halafu mtoto wa jirani akaniambia akicheka.

Unauliza mara ngapi kwa nini napoteza muda na "vile vibonzo." Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoiona sehemu ya nne. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona mtu mzima anamwambia mtoto neno lile huku anamtazama usoni. Aliyechora alikaa akafikiri bibi ashike nini mkononi, aketi wapi, akae kimya sekunde ngapi kabla ya kusema. Sijui jina lake. Lakini alinifanyia kazi ambayo ilikuwa ya kwako.

Sikukuandikia ili nikuumize. Naogopa. Neema ameambiwa baba yake yuko wapi?

Kisa


Talatala,
Jumamosi, 30 Agosti 2025

Kwa mke wa mwanangu Enoki,

Anaandika Ezra, mwinjilisti wetu, kwa maneno yangu mimi Anyosisye, na ameapa hataongeza hata moja.

Usidhani nakuchukia. Nimezaa watano, ziwa limekula mmoja, na huyo mmoja ameniachia mmoja. Nikimpoteza huyo nitakuwa sina tena uso wa Enoki duniani.

Nilipokaa naye pale nje aliniambia, "Bibi, baba akirudi kutoka Malawi atanikuta nimechafuka." Nikamuuliza, baba yupi? Akasema, baba Enoki. Akasema yuko ng'ambo ananunua nyavu, atakuja na viatu vyekundu. Jubilate, nimeogopa kuliko siku walipoleta mtumbwi mtupu. Mtoto anamsema marehemu kama mtu aliye safarini. Hayo hayakuwa maneno ya mtoto. Kuna kitu kimekaa ndani yake, kinaongea kwa mdomo wake, na kimeingia kwa njia ya hiyo televisheni.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Mfungashie sweta moja. Chakula usifungashe, hakitahitajika.

Mama yako,
Anyosisye


Matema,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kisa mdogo wangu,

Ugonile. Safari hii nakusalimia.

Barua yako na ya mama mkwe nilizisoma siku moja, moja juu ya nyingine, nimekaa kwenye gunia la usipa. Nitakujibu ulichouliza. Hapana, hakuwa ameambiwa. Matanga yalikuwa Talatala, na Neema nilimpeleka kwa rafiki yangu Milka, Kyela mjini, siku tisa. Alipouliza nikasema baba amekwenda Malawi kununua nyavu. Viatu vyekundu niliongeza mwenyewe, neno likatoka tu. Nikafikiri, hakuna kaburi, hataona kitu, nitamwambia akikua. Nimesema hivyo siku hamsini na nne. Na sehemu ya nne, bibi alipotamka yale, mimi nilisoma kwa sauti, "Baba yako amesafiri." Neema akaitazama ile picha na kikombe. Akanitazama mimi. Akashuka mapajani.

Kwa hiyo shetani aliyemtisha mama mkwe ni mimi. Maneno yangu ndiyo aliyoyasikia yakitoka kwa mtoto, na kwa maneno yangu mtoto alikuwa anapelekwa kukaushwa siku tatu. Nilifikiri kukimbia naye, nikafika mpaka kituoni na begi. Nikarudi. Nikampigia simu mama mkwe nikamwomba aje Ijumaa badala ya Jumamosi, alale hapa. Sikumwambia sababu. Mdomo ulikataa.

Alifika saa tisa alasiri. Nikawakalisha wote wawili, nikawasha 120. Mama akafumba macho na kuanza kuomba. Nikasema, mama, nakuomba dakika ishirini na tatu tu, halafu utanifanya utakavyo. Ilipofika dakika ya kumi na nne, bibi wa watu akaweka kisu chini, akajifuta mikono. Nikashuka sakafuni kama yeye. Nikasoma: "Baba yako amekufa. Bahari ilimchukua. Hatukumpata."

Nikasimamisha picha. Nikasema, "Na wako pia, Neema. Ziwa lilimchukua. Nilikudanganya."

Unajua alisemaje?

"Najua. Hezroni wa jirani aliniambia bombani, zamani."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulisema yuko Malawi. Nikafikiri hujui. Ungelia."

Kisa, mtoto wa miaka saba alikuwa ananificha mimi. Sote wawili ndani ya chumba kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa uongo uleule.

Nikamuuliza, na maji? Akasema baba yumo kwenye maji, na watu wote wanayachota tu, wanapikia. Akasema ule mkono kwenye ndoo aliufikiria kuwa wa baba, anataka kutoka, na sisi tunafunika.

Mama mkwe alifungua macho. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke huyu miaka minane, sasa nikaona naye anaogopa. Akanigeukia, "Viatu vyekundu vilikuwa vyako?" Nikasema ndiyo, mama. Akanisonya, sonyo refu ambalo bado nalisikia. "Ulitaka kuniulia mjukuu kwa aibu yako." Nikasema ndiyo, mama.

Akasimama. Akaitoa picha ya Enoki ukutani, ile ya kitambulisho tuliyoikuza, akaiweka mezani. Akafunua ndoo ya bluu, Neema akajificha nyuma yangu. Akachota kikombe, akakiweka mbele ya picha kama yule bibi wa kwenye kioo, ambaye kumbe alikuwa anamchungulia muda wote. Akasema, "Enoki mwanangu. Maji haya ni ya bomba. Yanashuka mlimani, kilomita mbili juu yetu, hayajawahi kuliona ziwa. Wewe humu simo ulimo. Kunywa, na mtoto wako anywe, mnatutia hofu." Hapo akalia. Hakuwa amelia mbele yangu hata kwenye matanga.

Kilomita mbili, Kisa. Mimi ninayejua kila namba ya nyumba hii, sikuwahi kumwambia mtoto maji yake yanatoka wapi.

Tulikaa. Labda robo saa, kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Neema akatoka nyuma yangu, akakitazama kikombe ndani mpaka chini. Akakichukua kwa mikono miwili. Akanywa nusu. Nusu akairudisha mbele ya picha.

Jana asubuhi mama aliondoka saa moja kama alivyoahidi, lakini peke yake. Ahadi kwa Mungu haivunjwi, alisema, kwa hiyo atafunga yeye badala ya mtoto. Ana miaka sitini na nane, siku tatu bila maji, na mimi naogopa upya. Nimemtuma Wilson amchungulie Kasumulu akivuka. Mlangoni aligeuka akasema, "Sehemu ya tano msiitazame bila mimi. Nataka kujua kama yule mwenzangu anarudi tena majini."

Neema leo amekunywa vikombe vitatu. Kila kimoja nusu. Nusu inayobaki simuulizi ni ya nani, namwagia mgomba. Kuoga bado. Usiku huamka, nami huamka. Faili 38 mpaka 50 nimezifuta, zingine zote zipo, na mapishi nimeanza kutazama mwenyewe. Likizo utanieleza zile mashine kama minara.

Barua yako sikuichoma.

Sasa lile la mwisho. Nimekaa sakafuni naandika, ujue hivyo.

Mama yetu amekufa, Kisa. Alikufa Jumatano, tarehe 21 Mei 2014, saa nane mchana, Karonga, kwa homa ya siku nne. Mimi nilifika amekwisha kuzikwa. Niliporudi ulikuwa mlangoni na kandambili zake mkononi, ukaniuliza, "Yuko nyuma yako?" Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaogopa uso wako. Nilipaswa kukuambia pale pale. Nakuambia leo.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kuniuliza.

Dada yako,
Jubilate